Namna ya Kulinda Mapato ya Kodi ya Nyumba Mafao Yanapobadilishwa: Mwongozo kwa Mashirika ya Nyumba za Jamii Nchini Uingereza

Shirika la nyumba za jamii nchini Uingereza huishi kwa kodi inayolipwa na wapangaji wake. Kodi hiyo ndiyo inayolipa mishahara, matengenezo ya mapaa na mitambo ya kupasha joto, pamoja na riba ya mikopo iliyojengea nyumba zenyewe. Kwa kuwa sehemu kubwa ya wapangaji hulipa kodi kwa kutegemea mafao ya serikali, Bunge linapobadili sheria ya mafao huwa limeligusa daftari la mapato la shirika, hata kama sheria hiyo haikulitaja shirika mahali popote.

Mwongozo huu unawahusu maofisa wa mapato, mameneja wa upangaji na wajumbe wa bodi, wakiwamo wapangaji waliochaguliwa kuketi kwenye bodi hizo. Hoja yake ni kwamba Sheria ya Mageuzi ya Ustawi wa Jamii ya mwaka 2012 ilihamisha hatari. Kabla yake, halmashauri ilimlipia mpangaji wa nyumba za jamii posho ya nyumba moja kwa moja katika akaunti ya mwenye nyumba, na fedha hizo zilifika hata kama mpangaji alikuwa mgonjwa, amechanganyikiwa na madeni au hajui kusoma. Leo, kwa mtu aliye chini ya umri wa pensheni, fedha hizo kwa kawaida hupitia mikononi mwake mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo shirika linalosubiri deni lionekane ndipo lianze kazi limekwisha kuchelewa.

Jambo la kwanza la kuuliza kila mageuzi yanapotangazwa ni kama yanapunguza kiasi cha fedha au yanabadili muda na njia ya malipo. Dawa za matatizo hayo mawili hazifanani. Mpangaji ambaye fedha yake imepungua hasaidiwi kwa kukumbushwa tarehe ya kulipa, na mpangaji ambaye fedha yake imechelewa hana haja ya kuhamishiwa nyumba ndogo.

Taarifa za kaya kabla ya taarifa za madeni

Makato ya chumba cha ziada yalianza tarehe 1 Aprili 2013. Mpangaji wa nyumba za jamii aliye chini ya umri wa pensheni hupunguziwa fao kwa asilimia 14 ya kodi inayotambuliwa akiwa na chumba kimoja cha kulala kinachohesabiwa kuwa cha ziada, na asilimia 25 akiwa na vyumba viwili au zaidi. Watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya miaka 16 hutarajiwa kulala chumba kimoja, na watoto walio chini ya miaka 10 hutarajiwa kulala pamoja bila kujali jinsia.

Tuchukue mama mwenye mvulana wa miaka 9 na msichana wa miaka 7, anayeishi katika nyumba ya vyumba vitatu kwa kodi ya pauni 120 kwa wiki. Kisheria anahitaji vyumba viwili, hivyo anakatwa pauni 16.80 kila wiki, ambazo kwa mwaka ni zaidi ya pauni 870. Lakini siku mvulana atakapotimiza miaka 10, watoto hao watastahili vyumba tofauti na makato yatakoma. Ofisa mwenye tarehe za kuzaliwa za watoto mbele yake hatamsukuma mama huyo ahame miezi minne kabla ya siku hiyo. Atamsaidia kuomba msaada wa hiari wa nyumba kutoka halmashauri ili avuke kipindi hicho. Ofisa asiye na tarehe hizo ataandika barua ya deni. Ndiyo maana ninashikilia kwamba orodha ya kaya, yenye umri wa kila anayeishi ndani, idadi ya vyumba na aina ya fao linalopokelewa, ina thamani kuliko ripoti yoyote ya malimbikizo.

Orodha hiyo ioneshe pia wanaostahili kusamehewa, kwa sababu wengi hawajui kwamba wanastahili. Chumba cha mlezi anayelala usiku kumhudumia mtu mwenye ulemavu kinatambuliwa, na vilevile chumba cha mtoto ambaye ulemavu wake haumruhusu kulala na mwenzake. Baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Novemba 2016, kanuni zilirekebishwa mwaka 2017 ili kuwatambua pia wenzi wasioweza kulala chumba kimoja kwa sababu ya ulemavu. Kwa upande mwingine, tangu tarehe 15 Mei 2019 wenzi ambao mmoja amefikia umri wa pensheni na mwingine hajafikia huhesabiwa kuwa wa umri wa kufanya kazi wanapoomba upya, na hivyo wanaweza kujikuta ndani ya makato ambayo jirani zao wazee hawayajui kabisa.

Ushauri wa kuhamia nyumba ndogo utolewe pale tu nyumba ndogo ipo. Mashirika mengi, hasa kaskazini mwa England, yalijenga nyumba za familia za vyumba vitatu kwa miongo mingi na yana nyumba chache za chumba kimoja. Kumwambia mpangaji ahame huku hakuna pa kuhamia ni kumpotezea muda. Badala yake, yapitiwe mambo mawili: kubadilishana nyumba na mpangaji mwingine, na kumkaribisha mpangaji mdogo, yaani mtu anayekodi chumba ndani ya nyumba hiyohiyo. Katika mfumo wa Universal Credit, yaani fao la pamoja la kila mwezi ambalo kwa walio chini ya umri wa pensheni limechukua nafasi ya posho ya nyumba na mafao mengine, kodi anayotoa mpangaji mdogo haihesabiwi kuwa kipato, ingawa chumba anacholala bado huhesabiwa kuwa cha ziada. Hesabu ifanywe mbele ya mpangaji, kwa karatasi, kabla hajaamua.

Uskoti ina utaratibu wake: serikali ya huko hutumia malipo ya hiari ya nyumba kufidia makato ya chumba cha ziada. Shirika lenye nyumba pande zote mbili za mpaka lisitumie barua moja kwa wapangaji wote.

Kikomo cha mafao, yaani kiwango cha juu cha jumla ya mafao ambayo kaya inaweza kupokea, nacho hupunguza kiasi, lakini kwa namna iliyojificha zaidi. Tangu Aprili 2023 kikomo hicho ni pauni 25,323 kwa mwaka kwa familia iliyo London na pauni 22,020 kwa familia iliyo nje ya London. Kwa mtu mmoja asiye na watoto ni pauni 16,967 na pauni 14,753. Mpokeaji wa Universal Credit hukatwa katika jumla ya fao, kwa hiyo fungu la nyumba, yaani sehemu ya fao inayolipia kodi, linaweza kuonekana kamili kwenye taarifa yake huku fedha ya chakula ikiwa imepungua. Hapo ndipo kodi inapoliwa, na hakuna sababu ya kushangaa. Ofisa aangalie kwanza kama ndani ya kaya kuna mtu anayestahili fao la ulemavu au la kumlea mgonjwa, kwa kuwa kupata fao la namna hiyo huiondoa kaya chini ya kikomo. Kazi yenye kipato kinachofikia kiwango kilichowekwa pia huiondoa. Aliyekuwa akifanya kazi mwaka mzima kabla ya kuipoteza hupewa miezi 9 ya nafuu, na miezi hiyo itumike, isiachwe ipite. Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kuondolewa kwa sheria ya watoto wawili, iliyozuia nyongeza ya fao kwa mtoto wa tatu na kuendelea, kuanzia Aprili 2026, lakini kikomo cha mafao hakikuondolewa nayo. Kwa baadhi ya familia kubwa, nyongeza inayoingia kwa mlango mmoja itatokea kwa mwingine, na shirika lisiziweke fedha hizo kwenye makadirio yake kabla ya kupiga hesabu kaya kwa kaya.

Wiki tano, na namna ya kuzivuka

Universal Credit ilianza kujaribiwa Ashton-under-Lyne mwezi Aprili 2013, ikaenea nchi nzima polepole kuliko ilivyopangwa. Kwa shirika, ugumu wake mkubwa uko katika kalenda. Fao hupimwa kwa mwezi mmoja kamili baada ya maombi, kisha hulipwa takriban siku 7 baadaye, kwa hiyo malipo ya kwanza huja baada ya wiki 5. Mpangaji wa kodi ya pauni 110 kwa wiki atakuwa na deni la pauni 550 kabla hajagusa senti, bila kosa lolote. Tuseme wapangaji 1,000 wa shirika moja wameingia katika mfumo huo ndani ya mwaka: shirika limewakopesha zaidi ya nusu milioni ya pauni bila bodi kukaa kikao kuidhinisha mkopo huo.

Kazi huanza siku ya kutia saini mkataba wa upangaji. Maombi yajazwe siku hiyohiyo, mpangaji akiwa bado ofisini au mezani kwake, kwa sababu kurudisha nyuma tarehe ya maombi kunaruhusiwa kwa mwezi mmoja tu na kwa sababu maalumu. Mpangaji aondoke na karatasi inayoonesha jina kamili la mwenye nyumba, tarehe ya kuanza upangaji, kodi ya wiki, na gharama za huduma zinazotambuliwa na zile zisizotambuliwa. Kosa linalojirudia ni la kuandika kodi ya wiki katika nafasi ya kodi ya mwezi. Kosa hilo moja humwacha mpangaji na chini ya robo ya haki yake mpaka ligunduliwe. Wizara ya Kazi na Pensheni inapotuma ombi la kuthibitisha kodi kupitia mfumo wa mtandaoni wa wenye nyumba, shirika lijibu siku hiyohiyo, kwani kila siku linayochelewa linajichelewesha lenyewe.

Anayehama kutoka posho ya zamani ya nyumba kwenda Universal Credit hupewa wiki 2 za ziada za posho hiyo, utaratibu ulioanza Aprili 2018, na fedha hizo hazirudishwi. Hakikisha zimeingia kwenye akaunti ya kodi. Zikikosekana, mwulize halmashauri wala si mpangaji. Aliyepokea barua ya kuhamishwa yenye tarehe ya mwisho aombe kabla ya tarehe hiyo kupita, kwa kuwa akichelewa anaweza kupoteza nyongeza inayolinda kiwango chake cha zamani.

Malipo ya awali yanapatikana, nayo yanaweza kufikia kiasi chote cha fao la mwezi wa kwanza, lakini ni mkopo. Hukatwa katika malipo yanayofuata kwa muda wa hadi miezi 24. Tangu Aprili 2025 makato ya kawaida ya madeni yamewekewa ukomo wa asilimia 15 ya kiwango cha msingi, kutoka asilimia 25 ya hapo awali. Ofisa anayeandaa mpango wa kulipa deni la kodi aone kwanza makato yaliyopo. Mpango unaodai pauni 10 kwa wiki kutoka kwa mtu ambaye amekwisha kukatwa mpaka ukomo utavunjika ndani ya mwezi wa pili, na rekodi itaonesha kwamba mpangaji ndiye aliyeuvunja.

Kuhusu malipo ya moja kwa moja kwa mwenye nyumba, maoni yangu ni kwamba yasiombwe kwa kila mtu na pia yasicheleweshwe kwa wanaoyahitaji. Mpangaji anayeimudu bajeti yake aachwe aimudu. Lakini mahali penye uraibu, ugonjwa wa akili, unyanyasaji nyumbani, historia ya kukosa makazi au madeni mazito, shirika lenye hadhi ya mshirika anayeaminika na wizara linaweza kuomba bila kusubiri malimbikizo yafike miezi 2. Ombi liambatane na mazungumzo, kwani mpangaji anayegundua kwenye shajara yake ya mtandaoni, yaani ukurasa wake wa Universal Credit, kwamba kodi yake imegeuzwa njia bila kuambiwa hatafungua tena mlango kwa ofisa huyo. Huko Uskoti mpangaji mwenyewe anaweza kuchagua kodi ilipwe kwa mwenye nyumba, na Ireland Kaskazini hiyo ndiyo njia ya kawaida.

Hesabu ya Jumatatu

Mashirika mengi hudai kodi kwa wiki, kila Jumatatu, ilhali Universal Credit hulipa kwa mwezi. Kanuni ya wizara ni kuzidisha kodi ya wiki kwa 52 na kugawa kwa 12. Ikiwa shirika lina wiki zisizotozwa kodi, hizo huondolewa kwanza katika 52. Kwa kodi ya pauni 110, mpangaji hupewa pauni 476.67 kila mwezi.

Sasa tazama leja. Katika mwezi wenye Jumatatu 5, shirika hudai pauni 550, na mpangaji aliyelipa kila senti aliyopewa huonekana kuwa na upungufu wa pauni 73.33. Katika mwezi wenye Jumatatu 4 hudaiwa pauni 440, naye huonekana amezidisha pauni 36.67. Kompyuta isiyofundishwa jambo hili itatoa barua za onyo kwa watu wasio na kosa, itawapotezea maofisa siku nzima za kupokea simu za malalamiko, kisha mwezi unaofuata itanyamaza. Dawa ni kuandaa salio linalotarajiwa kwa kila akaunti ya Universal Credit, kulingana na tarehe ya malipo ya mpangaji, na kuchukua hatua pale tu salio halisi linapokuwa baya kuliko hilo linalotarajiwa.

Mwaka wa kutoza kodi ya nyumba wenye Jumatatu 53, kama ulivyokuwa wa 2024–25, una shida nyingine, kwa kuwa kanuni ya 52 haibadiliki na wiki moja inabaki bila kulipiwa na fao. Kwa mpangaji wetu hiyo ni pauni 110 kamili. Shirika linaweza kuigawa wiki hiyo katika mwaka mzima, kuifanya wiki isiyotozwa, au kuidai na kukubali kwamba baadhi yake haitalipwa. Uamuzi huo ni wa bodi, na ufanywe mwaka mmoja kabla.

Nyongeza ya kodi ya kila Aprili inahitaji mpango wa wiki kwa wiki. Mpangaji ndiye anayepaswa kuthibitisha kodi mpya kwenye shajara yake, na afanye hivyo siku kodi inapobadilika au baada yake, si kabla. Badiliko lililoripotiwa ndani ya kipindi chake cha tathmini, yaani mwezi unaotumika kupima fao lake, huhesabiwa kwa kipindi chote. Ikiwa kipindi chake huanza tarehe 20 ya kila mwezi na kodi imepanda tarehe 6 Aprili, ana hadi tarehe 19 Aprili. Akipitisha siku hiyo bila sababu ya msingi, tofauti ya mwezi mzima imepotea. Barua rasmi ya Februari haitoshi. Tuma ujumbe mfupi wa simu Jumatatu ya nyongeza, ukiwa na kodi mpya kwa tarakimu, kisha wapigie ambao hawajathibitisha baada ya siku 5.

Nyumba za msaada maalumu

Makazi ya msaada maalumu, yaani yale ambayo mkazi hupewa pia huduma ya malezi au usimamizi, hubaki katika posho ya zamani ya nyumba, inayosimamiwa na halmashauri, wakati mkazi huomba Universal Credit kwa ajili ya matumizi yake mengine. Makundi haya mawili yasichanganywe katika leja moja wala katika ushauri wa mapokezi, kwa kuwa mkazi anayeambiwa aombe fungu la nyumba ndani ya Universal Credit atakataliwa, na wiki zinakuwa zimekwenda.

Mpango wa biashara

Wakati mwingine serikali hupunguza gharama za mafao kwa kuigusa kodi yenyewe. Kwa miaka 4 kuanzia Aprili 2016, mashirika ya England yalilazimishwa kushusha kodi kwa asilimia 1 kila mwaka, ingawa yalikuwa yamekopa yakitegemea kodi kupanda. Mwaka 2023 nyongeza iliwekewa ukomo wa asilimia 7 wakati mfumuko wa bei ulikuwa juu ya hapo. Kuanzia Aprili 2026 sera ni mfumuko wa bei pamoja na asilimia 1, kwa miaka 10. Ahadi hiyo ichukuliwe kwa uzito, lakini historia ya mwaka 2016 inatosha kumfanya mkurugenzi wa fedha aandae pia hesabu ambayo ndani yake ahadi hiyo inavunjwa katikati.

Matangazo yenyewe yana gharama, hata yasipotekelezwa. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kwamba msaada wa kodi katika nyumba za jamii ungefungwa na viwango vya soko binafsi. Mpango huo uliachwa Oktoba 2017, lakini katikati ya miaka hiyo miradi ya nyumba za msaada ilisimamishwa kwa hofu ya kukosa mapato. Kwa hiyo bodi iweke utaratibu wa kutofautisha pendekezo, sheria iliyopitishwa na kanuni iliyoanza kutumika, na iamue mapema ni hatua ipi inatosha kusimamisha ujenzi.

Katika ripoti ya kila robo mwaka, malimbikizo yagawanywe: deni linalotokana na kusubiri malipo ya kwanza, deni linalotokana na Jumatatu, na deni ambalo mpangaji alipewa fedha yake na hakulipa. Takwimu moja ya jumla huificha picha hiyo, na wakopeshaji wanaofuatilia uwezo wa shirika kulipa riba wana haki ya kuiona.

Kabla ya kwenda mahakamani

Utaratibu wa awali wa madai kwa wenye nyumba za jamii katika England na Wales unalitaka shirika lisifungue kesi ya kodi iwapo mpangaji amewasilisha maombi ya mafao yenye ushahidi wote, ana matarajio ya kweli ya kustahili, na analipa sehemu isiyofunikwa na fao. Tangu tarehe 4 Mei 2021 mpangaji pia anaweza kupata nafasi ya kupumua ya siku 60, ambamo hatua nyingi za kudai madeni yaliyojumuishwa husimamishwa. Ofisa anayeandaa jalada aambatanishe tarehe ya maombi, majibu ya wizara, makato yaliyopo, kila ombi la malipo ya moja kwa moja na kila ziara ya nyumbani. Jalada lisilo na vitu hivyo lirudishwe mezani hata kama deni ni kubwa.

Meneja anayetia saini aweke pia gharama ya upande wa pili kwenye ukurasa wa mwisho: ada za mahakama, wiki za nyumba kukaa tupu, matengenezo kabla ya kukabidhi funguo, na ukweli kwamba mpangaji mpya, akiwa naye ni mpokeaji wa Universal Credit, ataanza kwa kusubiri wiki 5.